Mguu Uliotoka Kisumu

Ndugu zangu, katibu wa mkutano huu amenipa nafasi nizungumze, akaniomba nisiwe mrefu. Nitajitahidi. Najua wengi mliokaa hapa mmepewa barua za kupunguzwa kazi mwaka huu, na kuna waliokuja leo kwa kubembelezwa. Mimi yangu niliipata kabla yenu. Sitataja jina la mtu yeyote. Aibu nitakayoisema ni yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa miguu ya bandia. Kozi niliisoma huku huku kwetu kaskazini, lakini darasani tulichanganyika. Kulikuwa na Mkenya wa Kisumu, Mganda mmoja, Mzambia mmoja, na sisi wengine wa hapa nchini. Tulilala bweni moja, tukashindana kuchonga, tukachekana Kiswahili. Siku ya kuagana tukaahidiana kuandikiana. Kazi yetu ina watu wachache sana. Ukikwama, mjini kwako hakuna wa kumuuliza. Daktari anajua kukata mguu, kuurudisha hajui.

Nikapangiwa Musoma, karakana ndogo nyuma ya wodi. Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, jamani. Tulikuwaga tunaandikiana kila baada ya miezi michache. Mimi namchorea wa Kisumu bawaba ya goti, yeye ananirudishia mchoro ameusahihisha kwa kalamu nyekundu kama mwalimu. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa, barua zikawa zinazunguka njia ndefu, lakini zilikuwa zinafika.

Halafu ikaja ile hali mnayoikumbuka wote. Sabuni foleni, sukari foleni, kitenge foleni. Na mimi nikawa sina plasta ya kuchukulia umbo la mguu, sina resini ya kugandishia, sina hata skrubu. Mtu anakuja na magongo kutoka Bunda, namwambia, "Njoo mwezi ujao." Anakuja mwezi ujao, namwambia hivyo hivyo. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna kitu kinachomchosha fundi kama kukaa karakanani mikono mitupu, mgonjwa anakuangalia.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mpaka ulipofunguliwa, ikaja barua ya Kisumu. Mwenzangu ameandika kwa furaha, wamepata mashine mpya ya kusagia, wanatengeneza miguu kila wiki. Mwisho akauliza, "Na wewe je, unatengeneza mingapi?"

Nilikuwa sijatengeneza hata mmoja kwa mwaka mzima. Nikashika kalamu nikaandika kwamba sisi Musoma tunaendelea vizuri, vifaa vipo, wagonjwa wanatembea. Nikanakili barua hiyo hiyo nikamtumia Mganda, na Mzambia pia.

Mtu anaweza kusema huo ni uongo mdogo wa kulinda heshima. Lakini ulinifungia mlango. Ningeombaje skrubu wakati nimeshasema vifaa vipo? Barua zao zikaendelea kuja, mimi sikujibu. Mwishoni hata kuzifungua nikaacha. Nilikuwa nikiona stempu ya nje, naisukuma barua chini ya kitanda.

Baada ya hapo wakaanza kupunguza wafanyakazi. Karakana ikafungwa, nikapewa barua, nikarudi nyumbani Butiama. Nikalima mihogo vibaya, nikanywa gongo vizuri. Ndiyo, chekeni tu, lakini mke wangu hakucheka. Saa nne asubuhi alikuwa ananikuta sisimami. Mtu akiniita "fundi" nilikuwa namjibu, "Fundi alikufa."

Siku moja mchana nimekaa nje ya nyumba, nikaona mama anaingia uani kwangu. Anatembea polepole, kikapu kichwani, anachechemea kidogo upande wa kulia. Nikamfahamu uso. Alikuwa mkulima wa pamba wa Kabasa, kule Bunda, mkokoteni uliojaa magunia ulimpanda mguu, ukakatwa chini ya goti. Huyu nilimwambia "njoo mwezi ujao" miaka mitatu. Na sasa magongo hayapo.

Nikasimama kwa woga. Nilijua amekuja kunitukana.

"Fundi, shikamoo," akasema.

"Marahaba, mama. Huo mguu umeutoa wapi?"

"Kisumu. Nina dada yangu kaolewa Migori, ndiye alinipeleka. Fundi wa kule akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Bunda, Tanzania. Akaacha kazi, akaniuliza kama nakufahamu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nakufahamu sana. Nilikuwaga nakuja kwako Musoma, unanirudisha."

Akaketi kwenye kigoda, akapandisha kitenge hadi gotini, akanionyesha pale kigutu kinapoingia kwenye kikombe cha mguu. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka.

"Sikuja kugombana, fundi. Kule Musoma ndiko walikonielekeza hapa. Mguu unanibana. Tangu nianze kupalilia, kigutu kimevimba. Yule bwana aliniambia kukitokea shida nisirudi kwake, Kisumu ni mbali. Akasema, 'Nenda kwa mwenzangu. Yule anajua kigutu kuliko mimi.'"

Jamani. Mtu ambaye barua zake nilizitupa chini ya kitanda bila kuzifungua, alikuwa ananipelekea wagonjwa.

Niliingia ndani kutafuta vifaa vyangu. Patasi imeota kutu, tupa imelegea mpini. Pombe ya asubuhi ilikuwa haijanitoka kichwani. Mke wangu akaleta maji, akanishikia kikombe cha mguu kisiteleze. Nikakwangua ndani kidogo kidogo, nampa mama ajaribu, anasema "bado", nakwangua tena. Nikakata kipande cha ngozi ya kiatu changu cha kanisani nikatengenezea mto pale mfupa unapogusa. Jua lilikuwa limeshaegemea aliposimama, akatembea hadi kwenye uzio, akageuka, akarudi.

"Sasa naenda mpaka shambani," akasema.

Alipoondoka akatoa bahasha kikapuni. "Nilisahau. Amekuandikia." Ilikuwa mistari mitatu. Kwamba anatumaini niko hai. Kwamba kikombe alikitengeneza kwa haraka, nimsaidie kukisahihisha. Kwamba nimwandikie hata kama sina la kusema.

Nililia mbele ya mke wangu. Kesho yake sikunywa. Keshokutwa nilikunywa, siwadanganyi. Lakini nikiwa na akili zangu nilikaa nikaandika barua ya kurasa nne. Nikaungama yote: karakana tupu, uongo, barua zilizolala chini ya kitanda, gongo. Nikampa dereva wa basi la Kisumu pale Bunda.

Jibu lilirudi na dereva huyo huyo, barua na mfuko mdogo. Mwenzangu aliandika, "Nilijua. Wasafiri walituambia Musoma hakuna hata plasta. Nilisubiri useme mwenyewe." Ndani ya mfuko kulikuwa na skrubu, mkanda wa ngozi, na mchoro wa unyayo wa kuchonga kwa mti na kuzungushia mpira wa tairi, maana tairi kuukuu hata sisi tunazo. Akanipa anwani mpya ya Mzambia. Mzambia naye akanifundisha kwa barua jinsi ya kutengeneza kikombe bila resini. Barua tano zilipita kati yetu kabla sijapata kimoja kisichopasuka.

Nikafungua kibanda Nyasura, pale Bunda, kile mnachokipita mkienda sokoni. Na nikaanza kuwa na cha kuwarudishia. Unyayo wao ulikuwa mwembamba, unazama kwenye ardhi yetu nyeusi ya pamba mvua ikinyesha. Nikauchonga mpana, na sehemu ya mbele nikaiinua, yule mama wa Kabasa akaujaribu msimu mzima. Nikatuma mchoro Kisumu na Zambia. Wakaniandikia wakulima wao wanautaka. Siku hiyo nilijiona mrefu kuliko siku niliyopewa cheti.

Lakini kuna jambo moja sijalimaliza. Mganda naye nilimwandikia, nikamwomba radhi kama wale wengine. Hakujibu. Alijibu mke wake. Alisema mumewe alifariki miaka miwili nyuma kwa homa. Akaandika kwamba vita vilipovunja karakana yao, mumewe alikuwa na barua yangu mfukoni, ile ya uongo, anawasomea wenzake. "Mwenzetu wa Musoma anaweza, na sisi tutaweza." Alikuwa amekwama kama mimi. Kama ningemwandikia ukweli tungekwama wawili, tukapeana moyo. Badala yake nilimwacha peke yake. Hili, ndugu zangu, halina dawa. Namwandikia mjane wake mpaka leo, na mwanae wa kwanza anajifunza kazi hii kwa mwenzetu wa Kisumu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, alinishikia kikombe siku ambayo angeweza kunishikia mwiko. Namshukuru mama wa Kabasa, aliyekuja kwangu na mguu badala ya matusi. Nawashukuru madereva wa mabasi, ambao hawakuwahi kupoteza hata barua moja. Na wenzangu wa nje, waliosubiri.

Nyie mliopunguzwa kazi, barua ya ofisi imechukua kiti chako, haijachukua watu uliosoma nao na kufanya nao kazi. Wako Kisumu, wako Kampala, wako Mwanza. Usingoje uwe na habari nzuri ndiyo uwaandikie. Na usiwaandikie siku ya kuomba tu. Waulize wanaendeleaje, waambie kweli unaendeleaje.

Pale mezani nimeweka karatasi na bahasha. Kabla ya chai, kila mtu afikirie mwenzake mmoja aliyemnyamazia. Dereva wa Kisumu anapita saa kumi.