Tuta la Mheshimiwa Dimbeswar Tamuli

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa nyumba ya sala, wafiwa, majirani zetu wa Bhogpara, na ninyi wageni mliokuja na magari mkayaacha kule barabarani kwa kuwa huku hayafiki, anayesimama mbele yenu ni Bolin, mtoto wa Makhoni, dada mkubwa wa marehemu, na familia imemtuma asome maisha ya mjomba wake kama yalivyokuwa, si kama yalivyokuwa yakihutubiwa. Chama kilituletea historia iliyochapwa vizuri, yenye picha za rangi, nasi tunashukuru, lakini mama aliposomewa ukurasa wa kwanza alitema popoo akauliza, "Huyu ni nani tena? Mbona simfahamu?" Basi akatusimulia mwenyewe, na mtakayosikia ni ya kwake.

Marehemu alizaliwa hapa Bhogpara tarehe 14 Aprili 1951, siku ya Bihu, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ng'ombe wakiogeshwa katika mto wetu Luit, akiwa kitinda mimba wa mzee Loknath Tamuli, mkulima wa mpunga na popoo, na mkewe Bi. Padumi, katika nyumba iliyokuwa pale mnapoona maji yakizunguka, mbele ya ile mianzi iliyoinama. Alilelewa mgongoni kwa dada yake, aliyekuwa na miaka tisa, na dada huyo anakumbuka kwamba hata katika mpira wa watoto Dimbe alikuwa akianza upande mmoja na kumaliza upande wenye mabao mengi, akiulizwa anasema aliitwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, ila huyu alikuwa wa mwisho, mzuri wa sura, mtamu wa maneno, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkunja.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1957, akamaliza sekondari mwaka 1968, na mwaka uliofuata akaenda mjini Guwahati kusomea sheria katika chuo ambacho hatutakitaja, kwa kuwa hakina kosa, na huko aliufikia mwaka wa mwisho mara tatu bila kuuvuka. Dada yake alikuwa ameacha shule zamani ili akae kwenye kitanda cha mfumi, na vitambaa alivyovifuma ndivyo vilivyomlisha mwanasheria huyu ambaye hakuwahi kuwa mwanasheria. Vuguvugu la wanafunzi lilipoanza alijiunga nalo, akajipatia jina kwa kupanda ngazi usiku na mchana kupaka lami vibao vilivyoandikwa kwa Kihindi, akisema lugha ya mama ndiyo nyumba ya mtu, na sisi tuliokuwa wadogo tulimwona shujaa, tukachora ndevu zake kwenye madaftari.

Mwaka 1985 aligombea ubunge wa jimbo kwa tiketi ya Chama cha Ardhi na Lugha, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika mbele ya nyumba ya sala, ambapo dada yake alimvisha gamosa, kitambaa chetu cha heshima, aliyoifuma kwa mkono wake, nyeupe, pindo jekundu, naye akalia, maana kulia hakukuwahi kumpa taabu, akasema, "Ndugu zangu, Luit ni mama yetu na mama huyu anatula. Nipeni miaka mitano niwajengee tuta la mawe, nisipolijenga mniite mwanaharamu." Watu walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Miaka mitano ilipopita hakuna aliyemwita hivyo, si kwa kukosa sababu, bali kwa heshima ya Bi. Padumi, aliyekuwa angali hai na mwenye adabu zake.

Tarehe 9 Februari 1986 aliweka jiwe la msingi la tuta, nazi ikavunjwa, ngoma zikapigwa, picha zikatoka magazetini, na jiwe hilo likabaki peke yake ukingoni hadi Julai 1988, mto ulipolichukua pamoja na mashamba yaliyokuwa nyuma yake. Mwaka 1991 aliweka jiwe la pili, huku ndani zaidi, na mwaka 1997 la tatu, ndani zaidi tena, na jina lake likichongwa kubwa kuliko mara ya kwanza. Siku hiyo ya tatu jirani yetu mzee Gojen, yule aliyesimama pale na fimbo yake, alimwuliza mbele ya kadamnasi, "Wewe Dimbe, unajenga tuta, au unauonyesha mto njia ya kuja?" Marehemu alicheka kuliko wote, akamkumbatia mzee, akapanda gari.

Kuhusu ndoa, alifunga na Bi. Nirupama, binti wa mfanyabiashara wa chai wa Jorhat, tarehe 2 Machi 1983, wakajaliwa mtoto wa kiume, Pranjit, anayeishi ng'ambo na ambaye leo ndiye atakayewasha moto, na wa kike, Rimjhim. Mkaza mjomba Nirupama, umeketi hapo, na kama maneno haya yanakuchoma tunakuomba radhi, wewe hukutukosea kitu, tena kila Bihu ulitutumia nguo na kuandika kwamba zimetoka kwa mumeo.

Mnaosoma magazeti mnajua kwamba marehemu alihama chama mara tano, na kila alipohama alieleza kuwa si yeye aliyehama, ni chama kilichosogea. Mwaka 2001, serikali ya jimbo ilipokuwa ikiyumba, yeye na wabunge wenzake walifungiwa katika hoteli ya kando ya ziwa, mbali na hapa, wasije wakanunuliwa na upande wa pili, kwa kuwa upande wa kwanza ulikuwa umeshawanunua. Wiki hiyo maji yalikuwa kiunoni Bhogpara, mama akampigia simu, akajibiwa kwamba mheshimiwa ni mgonjwa sana, haongei, na siku ya pili yake, tukiwa tumekimbilia kwenye duka la kule barabarani, tukamwona kwenye televisheni, yuko na kaptula, anacheza mchezo wa karom, bilauri ya sharubati mkononi. Mama alimtazama, akasema, "Ugonjwa huo na mimi naomba uniambukize." Duka zima lilicheka, naye akajifunika uso kwa upindo wa nguo yake.

Hapa kijijini pia watu walikuwa wakihama, ila wao walihamishwa na maji, wakabeba mabati, mbuzi na mlango wa nyumba, wakajenga vibanda kando ya barabara kuu, na wengi wako huko mpaka leo, watoto wao wakijibu shuleni kwamba wanatoka Bhogpara wakati Bhogpara yao wanapita samaki. Neno ni hilo hilo moja, kuhama, lakini mmoja alihama akiwa hana pa kwenda, na mwingine hakuhama hata siku moja kabla kiti hakijafutwa vumbi.

Alipokihamia chama kikubwa cha kitaifa, nyota yake ilipanda mpaka Delhi, na mwezi Agosti 2009 aliapishwa kuwa waziri wa nchi anayeshughulikia minara ya taa za meli, yeye aliyetoka jimbo lisilo na bahari, tena asiyejua kuogelea, na kiapo alikisoma kwa Kihindi kile kile alichokipaka lami ujanani, bila kukosea hata herufi. Tunakiri kwamba kazi hiyo aliipenda, alifungua minara kusini na magharibi, akapigwa picha na manahodha, na meli za mataifa zikaona njia. Tarehe 17 Julai 2010, akiwa pwani ya kusini kwenye sherehe ya namna hiyo, Luit iliichukua nyumba ya wazazi wake, na pamoja nayo uwanja wetu wa kuchomea maiti, walipochomwa baba na mama yake. Dada yake alimpigia simu akiwa amesimama kwenye matope, akamwambia, "Dimbe, mto umeingia jikoni kwa mama." Naye, kwa kuwa palikuwa na waandishi wa habari, akamjibu kwa Kihindi kwamba suala hilo liko chini ya wizara nyingine. Mama aliikata simu, na tangu siku hiyo hakumpigia tena, wala jina lake halikutajwa wakati wa kula. Tunasema wazi, tulimdharau, na dharau yetu ilikuwa haki yake aliyoitolea jasho kuliko kazi nyingine yoyote.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2012, kisha figo, akaachwa katika mabadiliko ya baraza la mawaziri mwaka 2014, na katika mahojiano yake ya mwisho kwenye televisheni alilia, akasema, "Nikifa msinichome mjini. Nichomeni Bhogpara, kwenye udongo wa wazazi wangu, niisikie Luit." Alifariki tarehe 18 Machi 2019, alfajiri, katika hospitali moja ya Delhi, mkewe na bintiye wakiwa kando yake.

Chama kilitaka achomwe Guwahati, kwenye uwanja mkubwa, kwa mizinga, lakini yale mahojiano yalirudiwa mchana kutwa na uchaguzi uko mlangoni, ikabidi marehemu aletwe nyumbani. Wakaja maofisa na mhandisi kuutafuta huo udongo wa wazazi, na mzee Gojen akawanyooshea fimbo katikati ya mto, akawaambia, "Ni pale, wakubwa, anapoogelea yule bata." Wakashauriana, wakachagua kiwanja cha mpira cha kule barabarani, pakavu, penye maegesho, na hapo ndipo mama alipotoka ndani na sahani ya tambuu, akawakaribisha, akamwuliza mhandisi, "Mwanangu, mkishamchoma mtajenga nini?"

"Mnara wa kumbukumbu, mama, wa marumaru, na sanamu yake."

"Na ukijengwa hapa kwangu, mto ukaja?"

Yule kijana alicheka, akasema, "Mama, serikali iache sanamu ya waziri ichukuliwe na maji? Ni aibu ya taifa. Itabidi ukingo wote ujengewe mawe kwanza."

"Mawe ya kweli, au jiwe la msingi?"

"Ya kweli, mama. Malori kwa malori."

Mama akamwongezea popoo, akasema, "Basi mchomeni hapa, kwenye mipopoo yangu."

Mliokuwapo jana mlimwona dada huyu, aliyekaa karibu miaka tisa bila kumtaja nduguye, akiling'ang'ania jeneza mbele ya kamera, akilia kwamba Dimbe wake asipelekwe kiwanjani, na baadhi yenu mlinong'ona kwamba damu nzito kuliko maji. Ni kweli alilia, maana alimbeba mgongoni, na mgongo haujasahau. Lakini alipoingia ndani alifuta macho akatuambia, "Alikitumia kijiji kupata kiti. Na kijiji sasa kimtumie." Nyuma ya mipopoo hii iko nyumba ya sala, iko shule, na ziko nyumba zetu zilizobaki, na mbele yake hakuna kitu ila mto. Leo asubuhi mgeni rasmi ametangaza, nchi nzima ikisikia, kwamba mnara utajengwa hapa na ukingo utalindwa kwa mawe kabla ya mvua, na kwa kuwa vipaza sauti bado vinawaka, familia inamshukuru tena, kwa sauti kubwa, kwa ahadi hiyo ya mawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuwahi kutuonyesha, tunawashukuru wenzake wa kazi wa vyama vyote sita, tunawashukuru majirani waliokata mipopoo mitatu kumpatia nafasi, na waliopika wali kwa ajili ya msiba wa mtu ambaye hakuwahi kuja kwenye misiba yao.

Gamosa iliyo kifuani mwake ameifuma dada yake. Lala, Mheshimiwa Dimbeswar Tamuli, upumzike kwa amani hapo ulipowekwa, kati yetu na mto, na tunakusihi sana, safari hii usihame.