Mtungi wa Langoni

Kwenye basi dogo la Telavi, mji wa mashamba ya mizabibu, Badri mwenye nyumba ya wageni alikuwa akimhubiria mama aliyeketi naye kana kwamba mama wa watu hajawahi kuona zabibu.

"Wageni nawaeleza yote, mama. Divai ilianzia kwetu! Zabibu zinakanyagwa, zinamiminwa na maganda yake kwenye mtungi uliozikwa ardhini, unafunikwa hadi majira ya machipuko. Halafu nawapiga picha langoni. Nimesimamisha mtungi, nimepanda maua."

"Mtungi wa divai hausimami. Kitako chake kimechongoka."

"Nimeutia saruji! Akili ni mali." Alicheka peke yake.

"Mtungi huo una msalaba karibu na mdomo wake, uliochorwa kwa kidole?"

Kicheko kilikatika. "Umeuona wapi?"

"Ni wa baba yangu. Aliuzika na divai yake siku niliyozaliwa, ufunguliwe nikiolewa. Nimekaa Ugiriki miaka nikilea wazee wa watu ili ndugu zangu wale. Juzi nimerudi, nimekuta shimo."

Dereva, ambaye hapunguzi redio kwa ajili ya mtu, aliipunguza.

"Kaka yako aliniuzia mwenyewe, mama. Kihalali."

"Na divai iliyokuwamo?"

Badri alijikohoza. "Tuliionja."

"Mliionja."

"Ilikuwa nzuri sana," akasema, maskini, akidhani anasaidia.

Basi lilisimama mbele ya lango lenye maua mekundu. Badri alishika begi lake. "Basi mama, safari njema. Mimi nashuka."

"Na mimi pia. Sogea nipite," alisema mama, akijifunga kitambaa vizuri kichwani. "Harusi yangu ni Jumamosi."