Bwawa la Tatu la Mzee Anyitike

Tarehe 30 Juni, Mzee Anyitike Mwakalukwa atakabidhi funguo na buti zake baada ya miaka thelathini na minne kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wetu wa Tukuyu. Aliingia akiwa kibarua wa kufyeka nyasi. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na hakuna aliyewahi kufika kazini kabla yake.

Nilipohamishiwa hapa kutoka Singida kuwa msimamizi, alianza kwa kunifundisha kunusa. Bwawa lenye afya, alisema, hunukia udongo uliolowa mvua. Likinuka mayai viza, linaumwa. Nilicheka. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nanusa kabla ya kunywa chai. Kanisani yeye hukaa benchi la nyuma kabisa asije akakera watu, ingawa hakuna aliyewahi kusikia kwake harufu nyingine ila ya sabuni.

Kisha ukaja mtambo wa kisasa, wenye mashine za kupulizia hewa majini. Tuliagizwa tuzoe tope la mabwawa yote ya zamani. Mzee akazoa mawili, la tatu akaligomea. Alisema bakteria wanaokula uchafu wamo kwenye tope hilo, na hakuna anayeosha kibuyu mpaka tone la mwisho halafu akategemea maziwa ya kesho yagande. Nikamwona mkaidi. Nilimwandikia barua ya onyo, na ya pili ingemwondoa kazini. Akaisaini, akanishukuru, akarudi kulilinda bwawa lake.

Wiki ya tano, mtambo mpya ulinuka mpaka sokoni. Maji yalitoka machafu karibu sawa na yalivyoingia, na bondeni kuna kijito ambako mama Tupokigwe na majirani zake humwagilia mboga. Nilimfuata Mzee kwa aibu. Hakunisuta hata kidogo. Alichota tope la bwawa la tatu siku tatu mfululizo, mvua ikimnyeshea, akalimimina kwenye mtambo. Siku ya kumi na mbili ile harufu ya udongo ikarudi, nami nikalia mbele ya wenzangu.

Nilitaka kuichana barua ile. Alikataa, alisema ibaki kwenye faili, msimamizi ajaye aisome. Basi na ukurasa huu utakaa nyuma yake: mwenye kosa nilikuwa mimi, Modesta.

Ndaga fijo, asante sana, Mzee wetu. Ukatunze migomba yako Kisondela kwa afya na amani. Jumapili hii sote tutakuja kusali nawe, na tumekuwekea nafasi benchi la mbele.