Mama Bosibori Anatuachia Tovuti

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Bi. Drusilla Nyamusi, ambaye sote tunamwita Mama Bosibori, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 17 Desemba 1999, kabla jua halijatua, kwa maana Sabato yake haijawahi kungoja kazi ya mtu. Nimeombwa niandike maneno ya furaha. Mniwie radhi, furaha yenyewe sina.

Alijiunga na ushirika wetu wa wachongaji hapa mjini Kisii mwaka 1971 akiwa mpiga chapa. Alichapa ankara za vinyago vya mawe ya Tabaka hadi taipureta ikachoka, yeye hakuchoka. Kompyuta ilipoletwa, sisi wengine tuliizunguka kama mgeni ambaye hatujui anakula nini. Yeye aliishonea kitambaa cha kuifunika, kwa sababu vumbi la mawe kutoka chumba cha msasa huingia kila mahali, hata kwenye chai. Basi tulipofungua tovuti ili wanunuzi wa ng'ambo waone kazi zetu, akakabidhiwa yeye.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Alirekebisha ukurasa, akaufungua, akaona ule ule wa zamani. Akarekebisha tena na tena, akailaumu simu inayotuunganisha na mtandao, akailaumu mvua, mwishowe akanilaumu mimi. Kumbe kompyuta ilikuwa ikimwonyesha nakala iliyojiwekea. Tangu hapo akawa na mwendo wake: badilisha kitu kimoja tu, kisha utazame, soma ujumbe wa hitilafu hadi mwisho kabla ya kupiga kelele, na usiiamini kompyuta yako peke yake. Kila Alhamisi alitembea hadi duka la vitambaa la Yashwant na mkewe Meena, akaitazama tovuti kwenye kompyuta yao.

Aliweka pia picha ya kila mchongaji kando ya kazi yake. Tulimtania kwamba anawatafutia wachumba. Mzee Abner Obwocha alipofariki mwaka jana, picha yake ya karatasi ilikuwa imeshaharibiwa na mvua, ikabaki ile ya kwenye tovuti tu.

Jumamosi moja, Mama Bosibori akiwa kanisani, kamati ilimruhusu fundi wa kukodi aweke tovuti mpya juu ya ile ya zamani. Ilipendeza kweli, ila haikuwa na wachongaji. Jumatatu mjane wa Mzee Abner, Nyakerario, alikuja kumwona mumewe kama alivyozoea, asimpate. Mama Bosibori akatoa diski yake ya akiba. Haikusomeka, alikuwa ameiweka kwenye droo iliyopakana na chumba cha msasa, vumbi likaimaliza. Alilia mbele yetu sote.

Kisha akainuka, akaenda kwa Yashwant, akawasihi wasiunganishe simu, kompyuta yao isije ikaleta ukurasa mpya na kuifuta nakala iliyojiwekea. Nakala ya Alhamisi bado ilikuwamo, na Mzee Abner akatokea anacheka. Nyakerario alimsalimu, "Bwakire," kana kwamba amerudi kutoka soko la Marani. Kurasa za wachongaji wengine Mama hakuwa amezifungua wiki ile, zikapotea, na jambo hilo linamuuma hadi leo. Siku hizi diski zake ni mbili, moja inakaa kwake Birongo, mbali na vumbi.

Mama Bosibori, tunakushukuru kwa yote, hata kwa kelele. Nenda ukapumzike, migomba yako nayo ikuone mchana. Maisha yakuendee vyema, na afya isikupungukie. Sisi tutakukosa sana, na sijui tutamuuliza nani.

Jana Alhamisi, kwa mwendo wake ule ule, alibadilisha kitu kimoja tu: aliondoa jina lake pale mnunuzi anapoelezwa amwandikie nani. Hakwenda kutazama kwa Yashwant, nilikwenda mimi. Kwenye kompyuta yao jina bado lipo. Meena aliniuliza kama aunganishe simu auite ukurasa mpya. Nilimwambia aache kwanza.