Hiyo "Nzuri" Msiiandike

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu mkuu, ndugu wageni mliotoka kwa watengenezaji wa dawa, wauguzi, wagonjwa wenzangu, na wewe wifi yangu uliyenishikia mtoto huko nyuma: nawasalimu nyote.

Nimeitwa nisifu, nami nitasifu. Sonona ilinikalia kifuani tangu nijifungue. Vidonge vya mwanzo vilishindwa, na hii dawa mpya ya kupuliza puani ndiyo iliyonirudishia hamu ya kumwogesha mwanangu. Hilo silifichi. Lakini mgeni mmoja amesema hapa, kabla yangu, kwamba kliniki hii haijapata lalamiko hata moja. Hata moja? Jamani, sisi ni watu au viti?

Mara ya pili nilipopuliziwa, kuta zilianza kuogelea. Muuguzi akachungulia mlangoni: "Dada, habari ya dawa?" Nikajibu, "Nzuri." Nani kati yetu akiulizwa habari hujibu mbaya? Hata kwenye msiba tunaanza na nzuri, ndipo tunalia. Basi salamu ikaandikwa kama jibu, nikaruhusiwa kuondoka. Kwenye ngazi, mtoto kiunoni, mguu wangu ukakanyaga hewa. Wifi akanidaka gauni mgongoni.

"We! Umelewa?"

"Sijalewa, ni dawa."

"Sasa mbona umewaambia nzuri?"

"Si wamenisalimia!"

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo. Wifi akanirudisha juu akiwaka, na nyinyi mnamjua akiwaka.

Daktari, ulitusikiliza, ukatutengea chumba hiki tunachofungua leo, chenye vitanda na mashine ya presha. Nakushukuru kwa moyo wote. Ila chumba hakiulizi, anayeuliza ni mtu. Tuulizeni: kuta zimetulia? Hebu simama, tembea tukuone. Nani anakupeleka nyumbani? Na nyinyi watengenezaji, mnaotabasamu tangu asubuhi, mkiletewa habari nzuri tupu, kwa nini hamshtuki? Au ndizo mnazozitaka? Mimi dawa hii bado naihitaji, na mwanangu ananihitaji mimi. Kwa hiyo sibanduki, nawatazama.

Mheshimiwa, kata utepe. Asanteni kwa kunisikiliza, hata mlionuna. Nikishuka hapa mtaniuliza habari, nami nitasema nzuri.

Hiyo msiiandike.