Aliniomba Uso, Nikampa Mawingu

Wacha nikae kwanza. Hapana, si hicho cha plastiki, hicho nikikaa kinafungua miguu kama ndama. Nipeeni benchi. Haya, asanteni. Bwana asifiwe, na wale wa kusalimia kwa supa, supa pia. Mwenyekiti wetu wa chama ameniomba nisimulie kidogo vile nilianguka na vile niliinuka. Alisema kidogo. Ananijua, lakini ana imani.

Shule mimi niliachia darasa la pili, kwa hivyo msingoje maneno ya vitabu. Na majina sitataja. Mwenye kujijua atajijua. Kuna mmoja hapa mbele ameshaanza kuficha uso na leso na hata sijamfikia.

Nyinyi wadogo mnanijua mimi ni susu, nyanya yenu wa kuku. Hamjui nilikuwa mtu wa video ya harusi. Cheka tu, hata wakati huo walicheka.

Mzee wangu, bwanangu, alikuwa na studio hapa Kitengela, ile miaka nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya nyumba. Alianza na picha za kitambulisho, halafu video ikaingia, kila harusi ikataka video. Alikuwa anabeba kamera kwa bega. Sasa mtu akitembea na kamera kwa bega, picha inaruka. Bibi harusi mmoja alirudisha tepe akamwambia, "Baba, mbona hapa kanisani naingia nikiwa juu ya trekta?"

Hiyo ilimuuma. Akaenda Nairobi akarudi na mashine ya kutuliza kamera, mkono wa pili, ilikuwa ya mtu amechoka nayo. Tungejiuliza amechokea nini, lakini hatukujiuliza. Ni jaketi la mishipi, gumu, unalifunga kifuani na kiunoni. Hapo mbele kunatoka mkono wa chuma uko na springi. Kwa huo mkono unaning'iniza mti wa chuma, kamera juu, vyuma vizito chini. Ukiivaa vizuri, wewe unatembea kwa mawe na kamera inaelea kama bata kwa maji. Sisi tuliiita punda, kwa sababu kuivaa ni kama kufungwa mkokoteni.

Mzee aliivaa mpaka mgongo ukakataa. Daktari akamwambia hata ndoo asiinue. Nikamwambia, "Nifunge mimi."

"Wewe? Na mjukuu umepata?"

"Mjukuu yuko kwa mgongo wa mamake, si kwa wangu. Funga."

Dada zangu, nawaambia, huyo punda alinitesa. Kwanza, aliyelitengeneza hilo jaketi hajawahi kuona mwanamke. Mahali mwanaume ako na ubao, mimi niko na watoto wanne walionyonya. Ukikaza juu, sipumui. Ukilegeza, mzigo wote unashukia nyonga, jioni natembea kama nimezaa jana. Halafu ile springi ilikuwa inalia. Pasta anauliza kama kuna mtu ana pingamizi, kanisa limenyamaza, na mimi pale mbele nalia kwii, kwii. Watu wanageuka kuangalia nani anakataa harusi.

Na ukibadilisha betri, uzito umebadilika. Kamera inainama kama mlevi. Unaanza kusukuma huku, unarudisha huku, maharusi wamesimama na keki mkononi wanakungoja. Skrubu ikianguka kwa nyasi, umeisha, hakuna duka iko nayo. Vyuma vya chini vilipotea, tukafunga nati za lori na mpira wa baiskeli. Jua likiwa kali, kioo cha kuangalia picha hakionyeshi kitu, ni macho yako tu unayaona yamekutolea. Na huu upepo wetu. Mnaujua. Upepo ukigonga kamera inayoelea, inazunguka kama kuku amekatwa shingo, unaifuata wewe, haikufuati. Nilikuwa nikirudi nyumbani namtupia mzee mishipi naye ananiambia, "Pole, fundi." Hiyo pole karibu nimpige nayo.

Lakini nilijua kazi. Sisi wa Ukambani tumekua tukibeba maji na mukwa, ule mkanda wa ngozi, kwa paji la uso, unapiga magoti kidogo, unaacha miguu itafute njia, maji hayamwagiki. Nikatembea na punda vile vile. Picha ikatulia. Watu wakaanza kunitafuta, ati yule mama wa kuelea.

Sasa ngoja niwapeleke Kajiado.

Kulikuwa na mama mmoja wa huko ndani, ng'ambo ya soko la mifugo, alikuwa ananiletea maziwa. Msichana wake mkubwa anaolewa. Akaja studio, akakaa, akaniita yeyo, ndio mama kwa Kimaasai, akasema, "Yeyo, nataka kitu kimoja tu. Nyinyi Wakamba mnajua vile sisi tunatoa msichana?"

Nikasema najua kidogo.

"Akitoka boma ya babake hageuki nyuma. Hata umwite, hageuki. Anaenda polepole mpaka anapotea. Sasa mimi mama nabaki nikiona mgongo. Mamangu pia aliona mgongo wangu. Wewe na hiyo kitu yako utakuwa mbele yake. Nataka unishikie uso."

Hiyo tu. Keki hakutaka, hotuba hakutaka. Uso. Nikamwambia utapata.

Siku ikafika. Kumshikia uso ni kusema mimi natembea kinyumenyume, namwangalia yeye, na mzee yuko nyuma yangu ameshika mshipi ananiongoza, "Kushoto kidogo, kuna jiwe, njoo." Msichana akatoka, mafuta yameng'aa, shanga mpaka mabegani, macho chini. Wanawake wanaimba. Nikapata ule uso kwa kioo, nikasema moyoni, mama, nimekushikia.

Upepo ukaja. Kamera ikageuka, nami nikageuka kuifuata. Mzee akataka kunivuta, mgongo ukamkamata, akaachilia mshipi. Na nyuma yangu kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua.

Nilianguka chali, na kamera juu yangu ikiangalia mbinguni. Mishipi imenikaza, siwezi kugeuka, miguu inapiga hewa kama kobe. Hakuna mtu angesimama. Ile safari haisimamishwi. Msichana alinipita hapo karibu, nikaona viatu vyake na majani ya baraka yamefungwa juu, viatu vikaenda. Wimbo haukukatika hata mstari mmoja. Mpaka wakaisha wote, ndio mzee mmoja wa boma akaja na fimbo akaniangalia, akauliza, "Mama, wewe unafanya kazi ukiwa hapo?"

Mkono wa chuma ulikuwa umevunjika. Tepe ilikuwa nzima, na iliendelea kukimbia. Tulipoiweka kwa televisheni, ilikuwa mawingu. Mawingu mazuri, yametulia kabisa, hakuna kutetemeka. Na wimbo kwa mbali ukiisha.

Yule mama alitazama mawingu mpaka mwisho. Nilingoja anitukane. Akasema, "Basi," akachukua mitungi yake ya maziwa akaenda. Afadhali angenitukana.

Habari zilifika Kitengela mbele yangu. Wakatuita Studio ya Mawingu. Kijana wa duka la nyama ananiona anaangalia juu, "Susu, leo kutanyesha?" Kazi ikakauka. Mzee akasema tuuze punda kwa watu wa vyuma vikuukuu. Mimi nikamtupa kwa nyumba ya kuku. Kuku akaona hilo jaketi, akasema asante, akataga ndani.

Nilikaa hivyo muda mrefu. Kwa hii chama nilikuwa nakuja, nakaa nyuma, nakunywa chai, naenda. Nyinyi wa zamani mnakumbuka. Mtu akiniuliza kazi namwambia mgongo unauma. Mgongo haukuwa unauma.

Halafu siku moja tuko hapa hapa, ndio tunamaliza maombi, naona mlango umefunguka, ni mama wa maziwa. Nilitaka kuingia chini ya meza. Akasalimia kila mtu mkono, akafika kwangu, tukasalimiana kwa Kimaasai.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

"Yule msichana wangu wa pili anaolewa. Nimekuja kukuita."

Nikamwambia, "Mama, usinifanyie hivyo mbele ya watu. Mimi nilikupa mawingu. Tafuta wale vijana wa Nairobi."

Akasema, "Hao vijana hawajawahi kuanguka kwangu. Wewe umeanguka. Wewe ndio unajua mtaro uko wapi."

Mlicheka nyinyi wote. Mimi nikalia, halafu nikacheka nikiwa nalia, kamasi zote zikatoka. Nikasema sawa, lakini punda amevunjika, na kuku ameatamia.

Basi hapo ndio niliona chama ni nini. Kuna mmoja wetu alikuwa anashona sare za shule. Alichukua hilo jaketi la wanaume, akalipasua katikati bila huruma, akalishona upya na mahali pa kifua cha mama, akaweka sponji ya godoro nyongani. Mara ya kwanza nililivaa nikapumua. Nilipumua tu, nikasimama hapo napumua. Mwingine bwanake ni wa kuchomelea, akaunga mkono wa chuma na kutia springi grisi mpaka ikanyamaza. Na upepo je? Nikauliza, na huo mtauchomelea na nini? Wakaniambia, "Wewe vaa. Upepo ni wetu."

Siku ya harusi tulifika Kajiado asubuhi, chama nzima. Wakafagia ile njia, wakatoa mawe. Mtaro wakaufunika na mbao, na mmoja akasimama juu yake, na nyinyi mnajua ni nani tulimchagua, kwa sababu kama mbao ilimbeba huyo, ingenibeba mimi. Huyo ndiye mwenye leso usoni.

Msichana akatoka. Nikaanza kurudi nyuma. Mshipi wangu ulishikwa na huyu wa kushona, na wake umeshikwa na mwingine, na mwingine, kama watoto wakicheza gari moshi. "Njoo, susu. Magoti. Njoo." Na upande wa upepo, wanawake wa boma na wa chama wakafungua shuka na leso, wakazishika juu pamoja, ukuta wa kitambaa unatembea na sisi, unapiga pa pa pa, na ndani yake kumetulia kama nyumbani. Kamera haikugeuka. Nikapita mbao. Nikaisikia inalia chini yangu, nikapita.

Na uso nikaupata, wote, mpaka mama nyuma kule amekuwa mdogo kama kijiti.

Tulimpelekea tepe. Walikuwa na televisheni ya kutumia betri ya gari. Akakaa karibu sana na kioo. Msichana anakuja, anakuja, macho chini. Halafu midomo ikaanza kutikisika. Mimi nilifikiri anaomba. Mama akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Akaweka kidole kwa kioo, pale mdomoni.

"Ananiita," akasema. "Hakugeuka, lakini njia yote anasema yeyo, yeyo."

Hata mzee wangu alitoka nje ati kuangalia betri. Halafu yule mama akageuka kwangu, akanishika goti, akasema, "Sasa hata yule wa kwanza nimemwona."

Mimi nilikuwa nabeba yale mawingu miaka yote. Hapo ndio niliyaweka chini.

Basi, dada zangu, nashukuru. Nashukuru aliyeshona, nashukuru aliyechomelea, nashukuru mliosimama na leso mpaka mikono ikafa ganzi. Nashukuru mzee wangu, ambaye sasa anapumzika, aliyenifunga mishipi na hakuniambia hata siku moja ati yeye angeweza zaidi. Nashukuru mama wa maziwa. Na wewe mwenye leso, nashukuru uzito wako, Mungu aulinde.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza ukianguka mahali, usikatae kuitwa hapo tena. Shimo unalijua. Lakini usirudi peke yako, wala usirudi na hasira tu, mimi nilikuwa nayo nyingi na haikushikilia kamera.

Punda bado yuko kwangu. Kuku wamemrudia, nimewaachia. Sasa nisaidieni niinuke hapa kwa benchi. Polepole. Mmoja asimame nyuma, anishike mshipi.