Koti la Muuaji

Hamtaamini kilichompata mchora mabango leo ndani ya basi! Nje ya dirisha likatokea bango alilochora la filamu ya mauaji: ukuta mwekundu, mtu mwenye koti jeusi, uso wote gizani. Mama fundi cherehani aliyekaa naye akacheka. "Muuaji ni mwanamke, mwanangu."

Jamaa akamgeukia. Hiyo ndiyo siri ya filamu nzima, na inaanza kuonyeshwa kesho! "Umejuaje, mama?"

"Vifungo viko kushoto kwake. Koti la kiume vifungo huwa kulia. Lakini rangi zinatisha, aliyechora kachora vizuri, maskini."

Kumbe jamaa alipochora alimvalisha mtu aliyempigia pozi koti la mkewe!

"Mbona jasho? Usiniambie ni wewe uliyechora!"

Basi likasimama. Mama akainuka, anamtazama, anasubiri jibu. Ungekuwa wewe, ungekiri?